Kazi Nzuri Aliyoipata Marisela

Marisela, binti wa kaka yangu Ramiro, ana sauti ambayo ukiisikia kwenye simu unamwamini kabla hujajua anataka nini kwako. Ameirithi kwa marehemu mama yake. Watu wenye akili zao za biashara waliisikia sauti hiyo wakaipa kazi, na tangu siku hiyo mimi nikipita mbele ya jengo lao natema mate chini, hata kama natoka kupokea komunyo. Mniwie radhi. Habari hii siwezi kuisimulia kwa adabu.

Jina la chuo chao silitaji, lisije likanichafua mdomo. Ni chuo cha watu binafsi, cha faida, kiko kati ya duka la matairi na duka la piza, kina vioo vyeusi kama magari ya wanasiasa. Mtu wa mji wetu huu wa Las Moras ameshajua nasema kipi. Kwetu huku bondeni, mtoto akimaliza sekondari ana milango mitatu: machungwa, ng'ombe wa maziwa, au gereza, na hapo kwenye gereza nasema kwenda kulinda, si kufungwa, ingawa wapo pia waliofungwa. Mimi nilipita mlango wa machungwa. Nimesimama kwenye mkanda wa kiwanda cha kupakia machungwa tangu nilipovuka mpaka kuja California, vidole vyangu vinanuka ganda hata Krismasi.

Marisela hakutaka mlango hata mmoja katika hiyo. Mama yangu, yaani bibi yake, alikuwa na kisukari, akapata kidonda mguuni kisichopona. Sisi watu wazima tulikuwa tukikiangalia kile kidonda kwa jicho la pembeni na kukimbilia jikoni. Yule mtoto, hata matiti hajaota, anakaa chini, anaweka mguu wa bibi yake pajani, anasafisha, anafunga bandeji, huku anampigia soga mpaka bibi anacheka. Nesi wa wilaya aliyekuwa akija kutukagua alimtazama akasema, "Huyu ni mwenzangu." Basi. Neno hilo moja lilimwingia mtoto, halikutoka tena.

Sasa sikilizeni mambo ya unesi. Nesi wa kweli, mwenye leseni, hapa kwetu anasomea chuo cha umma, kile chenye nyasi na maegesho makubwa kule mwisho wa barabara. Ada yake ni ndogo, na akitoka pale analipwa kuliko mwalimu aliyemfundisha sekondari. Kila mtu anajua, na ndiyo maana kila mtu anataka. Kwanza unasoma masomo ya awali, kemia na mengineyo, ambayo darasa lake linajaa asubuhi ile ile linapofunguliwa. Ukishayamaliza hujaingia bado. Unaingizwa kwenye kura. Kura, jamani! Watu watakaotuchoma sindano na kutuzalisha wanachaguliwa kama mshindi wa kuku kwenye tamasha la parokia. Na ukipiga simu kuuliza, mashine inakwambia simu yako ni muhimu sana kwetu, halafu inakupigia muziki mpaka sikio linapata joto.

Marisela alihangaika na hiyo kemia huku anafanya kazi kiwandani na mimi. Darasa likiwepo asubuhi, yuko kwenye mkanda. Likiwepo jioni, limejaa. Siku moja yuko amekaa kliniki anasubiri dawa za bibi, akaona tangazo kwenye televisheni ya ukutani: dada kavaa koti jeupe, anatabasamu, anasema nilibadilisha maisha yangu. Akapiga. Hakuwa hata amerudisha simu mkobani, wakampigia wao.

Aliyempigia aliitwa Kessler, wakati huo kijana, nywele zimepakwa mafuta kama anakwenda kubatizwa. Alimvisha yule mtoto kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho. Marisela, wewe umezaliwa kuwatibu watu. Marisela, mtu kama wewe kwa nini asubiri? Njoo usomee usaidizi wa kliniki, ni miezi tu, unaanza Jumatatu. Marisela akauliza, na mimi nilikuwepo jikoni, simu iko kwenye spika, nilisikia kwa masikio yangu haya: "Nikimaliza hapo naweza kuendelea na unesi?" Kessler akajibu, "Wengi huendelea." Kinachoniudhi ni kwamba hata uongo wenyewe haukuwa uongo kamili. Mwongo mjinga unamkamata. Huyu alisema wengi huendelea, hakusema wanaendelea wapi, wala wanaanzia wapi.

Ruzuku ya serikali ya kumsomesha ikaliwa na chuo kile, ikaliwa mpaka mfupa, kisha ukaja mkopo juu yake. Mahafali yalifanyika kwenye ukumbi wa hoteli. Nilipika tamale za kulisha mtaa, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda yake, za nguruwe na za pilipili na jibini, mikono ikaniuma siku nzima. Ramiro alivua kofia akalia nayo usoni. Marisela kavaa koti jeupe, na jina lake limedariziwa kifuani kwa uzi wa buluu.

Akapata kazi, msiseme hakupata. Kliniki ya pale karibu na reli. Anapima uzito, anapima presha, anatoa damu, anafuta matapishi ya watoto, anabishana na watu wa bima kwenye simu. Kazi ya maana, tena ngumu. Siku aliponionyesha karatasi yake ya mshahara nilicheka, nikidhani ni ya wiki moja. Mwe! Ilikuwa ya wiki mbili. Mimi niliyeishia darasa la sita kule kwetu Michoacán, Meksiko, msimu wa machungwa ukinoga na saa za ziada zikiwepo, nilikuwa nampita mwenye koti jeupe.

Na mwaka ule ule mwanangu Chuy alikuwa amesomea kuchomelea vyuma, chuo cha umma, kozi fupi, ada yake haifikii bei ya matairi manne mapya. Chuy huyu nimemzaa mwenyewe, namjua, si kwamba ana akili kuliko binamu yake. Kemia angeiona angeikimbia. Leo anachomelea matangi ya maziwa kwenye mazizi makubwa, anapata mara mbili ya kile alichopata Marisela kliniki, na amenunua gari ambalo nikitaka kupanda lazima nisukumwe makalio. Nisiwe mchoyo wa haki lakini. Hata chuo cha umma wana hiyo hiyo kozi ya usaidizi wa kliniki, na wanaotoka kule nao hawatajiriki, mshahara ni ule ule wa kubana mkanda. Kozi yenyewe ndiyo ya njaa, isomee popote. Tofauti ni kwamba wale wa chuo cha umma wana njaa bila deni, na Marisela alikuwa na njaa yenye kudaiwa kila tarehe mosi. Nani aliwahi kumwambia mtoto wa Las Moras kwamba somo hili linalisha na lile halilishi? Hakuna. Wanatuambia someni, elimu ni ufunguo. Ufunguo wa mlango gani?

Akavumilia kliniki, akazaa binti yake Itzel, mwanamume akaenda zake Nevada, mambo ya kawaida. Kisha akajipa moyo akaenda chuo cha umma kuendelea na unesi. Mwanamke wa dirishani akatazama cheti chake akakirudisha chini ya kioo. Masomo ya chuo kile hatuyapokei, akasema. "Lakini nimesoma mwili wa binadamu, nimesoma dawa." Hatuyapokei. "Hata moja?" Hata moja. Aanze kemia upya, kisha kura. Na ile ruzuku ya serikali ina mwisho wake kwa kila mtu, na yake karibu yote ilikwisha kuliwa kule penye vioo vyeusi.

Alikuja nyumbani kwangu akaosha vyombo vyote vilivyokuwa kwenye sinki, na vingine vilivyokuwa safi. Niliposikia habari yenyewe nilimvuta mkono tukaenda moja kwa moja mpaka chuo cha faida, mimi na aproni yangu ya kiwandani, kofia ya wavu kichwani.

"Nani mkubwa hapa?" nikauliza.

Akatoka Kessler. Sasa amepanda cheo, ana chumba chake na kitambi chake.

"Mama, karibu, tafadhali kaa. Kahawa?"

"Kahawa yako kunywa mwenyewe. Umemwuzia mtoto huyu mbuzi kwenye gunia. Nataka ulifungue gunia mbele yangu."

Nilisema mengi. Nilisema na mengine ambayo padri aliyasikia baadaye. Huku nyuma yangu Marisela, kwa aibu, alikuwa akimwomba radhi msichana wa mapokezi: samahani dada, shangazi yangu amechoka, ametoka zamu, si mtu mbaya. Kwa ile sauti yake. Msichana wa mapokezi akawa anamtuliza, anampa tishu, amesahau kabisa kwamba sisi ndio tuliokuja kufanya fujo. Na Kessler akaacha kunisikiliza mimi, akawa anamsikiliza yeye.

Wiki ile ile akampigia. Akampa kazi: mshauri wa wanafunzi. Maana yake kukaa kwenye kijichumba na kifaa cha simu kichwani, kuwapigia watoto wa watu.

Haki ya Mungu, ilimlipa kuliko kliniki. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizopata kwa cheti kile: kukiuza cheti kile. Na wao wakamwandika kwenye hesabu zao kuwa mhitimu wetu aliyepata ajira. Wahenga walisema nguruwe hukaangwa kwa mafuta yake mwenyewe, na mimi nilikuwa naona sufuria likichemka. Hakuhitaji kudanganya hata kidogo. "Hata mimi nimesoma hapa," anasema, na ni kweli. "Hata mimi nilikuwa nafunga machungwa," na ni kweli. Wasichana wakawa wanakuja kwa kundi. Kila anayetia sahihi, mshauri wake anagonga kengele ndogo mezani, ofisi nzima inapiga makofi. Itzel akawekewa vyuma vya meno. Marisela akaacha kuja kwangu Jumapili mpaka nimwite.

Kumchukia sikumchukia. Mwenye mtoto na kodi ya nyumba hachagui sana. Ila nilikuwa nakasirika na sina wa kumpiga.

Halafu zamu ikamfikia Nayeli, kitinda mimba wangu.

Nayeli naye ni unesi, unesi, unesi. Huyu alifanya kama tulivyomfundisha kwa yaliyompata binamu yake. Akaenda chuo cha umma, akaipata kemia kwa kulala na simu mkononi siku ya kuandikisha, akamaliza masomo ya awali yote, alama nzuri tupu. Akaingia kwenye kura, ikamtupa. Akaingia tena, ikamtupa tena. Kutwa anauza baga dirishani, magari yanapita, wanafunzi aliowazidi alama wanapita wamevaa sare za unesi na kumwagiza soda.

Jumapili moja niliita ukoo mzima, Chuy akachoma nyama uani. Katikati ya chakula Nayeli akasema, "Binamu Marisela, Ijumaa nina miadi ofisini kwenu. Nataka kusoma kile ulichosoma wewe."

Marisela akaendelea kumkatia Itzel nyama.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Mbona hufurahi sasa? Si utapata sifa kwa bosi wako?"

Chuy akacheka mdomo umejaa. "Njoo tuchomelee vyuma. Utaungua nyusi, lakini utakula."

"Nyamaza wewe, unanuka moshi. Mwanamke gani atakubali kuolewa na kiberiti?"

"Kiberiti ndicho kimenunua hiyo nyama unayotafuna, malkia."

Mimi sikucheka. "Marisela," nikasema, "mwambie mdogo wako ulikuwa unalipwa nini kliniki."

Akafuta vidole vya Itzel kimoja kimoja. "Kila mtu na bahati yake, shangazi."

Nilipiga meza, mchuzi wa pilipili ukaruka. "Hayo ni maneno ya Kessler! Kwenye meza yangu utaongea kwa mdomo wako mwenyewe!"

Akasimama, akambeba mtoto na miguu yake mirefu inayoning'inia. Mlangoni akageuka. "Nikisema, shangazi, kodi yangu utalipa wewe?"

Nayeli akanikazia macho. "Umefurahi sasa? Mtu mmoja tu katika ukoo huu anayevaa nguo safi kwenda kazini, nawe unamfukuza."

Ijumaa nikaomba ruhusa kiwandani nikaenda naye. Hakutaka, nikaingia kwenye gari kabla hajaliwasha. Baadaye Marisela aliniambia kwamba Kessler alikuwa ameshamwita na kumwambia: mtu wa ukoo ndiye rahisi kuliko wote kumwandikisha, na mwezi huu umeandikisha wachache, ukimkosa huyu sijui nitakutetea vipi. Kwa hiyo jueni alivyokuwa amekaa pale. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kazi yake, mwingine umemshika mdogo wake, na hakuweza kubaki navyo vyote.

Kijichumba chenyewe ni kidogo, magoti yetu yaligusana. Ukutani kuna picha yake siku ya mahafali. Kessler kasimama nje kidogo, kama mtu anayesubiri chai. Marisela akaanza. Akayasema yote, ratiba, vitendea kazi, mafunzo ya vitendo, kwa sauti ile ile, na mimi mwenyewe niliyekuja na kisu moyoni nikajikuta naitikia kwa kichwa. Hebu fikirieni. Nayeli alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, macho yanang'aa.

"Nina swali moja," Nayeli akasema. "Nikimaliza hapa, chuo cha umma watanipokea unesi?"

Marisela akafungua mdomo.

Kessler akachungulia na tabasamu. "Wengi huendelea," akasema.

Nilimwona mtoto wa kaka yangu akibadilika rangi. Akavua kile kifaa cha simu kichwani, akakiweka mezani taratibu.

"Hawatakupokea," akamwambia Nayeli. "Mimi nilimwuliza mtu huyu huyu swali hilo hilo, akanijibu maneno hayo hayo. Hawatakupokea hata somo moja. Humu ndani tuna kozi ya kliniki, tuna ya kumsaidia daktari wa meno, tuna ya kuandika bili za hospitali. Zote tatu ukitoka utalipwa kama unavyolipwa kwenye baga. Tofauti ni kwamba kwenye baga hudaiwi."

"Marisela," Kessler akasema, "njoo chumbani kwangu."

"Chumbani kwako nakujua. Sema hapa hapa."

"Leo umechoka. Wateja wako watahudumiwa na mwenzako."

"Si wateja wangu. Huyu ni binti wa shangazi yangu. Nilimbadilisha nepi mimi."

Mwanamume yule hakupaza sauti hata kidogo, wala uso haukumkunjamana. Akanyoosha mkono akaomba kitambulisho cha shingoni, akamshukuru kwa mchango wake. Wakati huo huo kijichumba cha jirani mtu alitia sahihi, kengele ikagongwa, ofisi nzima ikapiga makofi. Marisela akafungasha vitu vyake katikati ya makofi: kikombe, sweta, mchoro wa Itzel.

Mimi nilipiga ukelele wa harusini, pale pale, mpaka wa mapokezi akasimama. Nilimkumbatia Marisela maegeshoni nikamwambia kodi ya mwezi huu ni yangu, na ya mwezi ujao tutaangalia, na Ramiro hatakosa la kuongeza. Alikuwa anacheka. "Shangazi, nimefanya nini mimi?" anasema. "Umefanya kazi ya unesi," nikamwambia. Nilijiona nimeshinda. Nayeli alikuwa ameshaingia garini, amekaa nyuma, usukani ametuachia sisi, anatazama dirisha.

"Twende chuo cha umma," nikasema. "Sasa hivi. Wote watatu. Leo watatusikiliza."

Kufika, Nayeli akasema yeye hatoki garini, ameshamwona yule mama wa dirishani vya kutosha. Haya, kaa. Mimi na Marisela tukaingia. Foleni, namba, viti vya plastiki. Zamu yetu ilipofika, mama mwenye sweta akatueleza kwa upole kwamba maombi ya unesi yamefungwa, yatafunguliwa Januari, kura ni Aprili.

"Kuna mtu wa kuongea naye kuhusu mtoto wetu?" Marisela akauliza. "Ana alama nzuri. Amekosa mara mbili. Labda kuna njia nyingine, labda kozi nyingine ya hospitali inayolipa, mashine za picha za mifupa, kuwasaidia wagonjwa kupumua. Mtu wa kukaa naye tu."

"Yupo mshauri. Kwa miadi."

"Lini?"

"Mwezi ujao, wiki ya tatu. Lakini huyo ni wa kwenye simu."

Hapo nilishindwa. "Kule penye vioo vyeusi washauri wamejaa kama nzi! Wanatupigia tukila, wanatupigia tukiwa chooni! Nyinyi ndio wenye unesi, nyinyi ndio wenye kozi zinazolisha watu, mmezifungia nyuma ya kioo kama dhahabu ya kanisa! Mtoto anawapigia, mnampigia muziki! Mnaona wanavyowachota watoto wetu, mmekaa!"

Watu wa kwenye viti wakaanza kunitazama. Mama yule akavua miwani. "Dada yangu," akasema, "hapa tuko wawili. Mwaka jana tulikuwa watano. Na mwanangu wa kike kura hiyo hiyo ilimtupa." Kisha akaita namba inayofuata, kwa sababu nyuma yetu walikuwepo wengi.

Tukatoka. Jua lilikuwa kali, lami inanuka. Nayeli alikuwa ameshuka, ameegemea gari, simu mkononi.

"Bwana Kessler amenipigia," akasema.

"Amekutukana?" nikauliza. "Akikutukana narudi kule sasa hivi."

"Hapana. Amesema pole kwa yaliyotokea. Ameniuliza kama nimekula."

Marisela akaweka juu ya gari kikombe na sweta, ambavyo hakuwa ameviachilia tangu kule kwa Kessler. "Nayeli. Umemwambia nini?"

"Nimetia sahihi. Wanatuma fomu kwenye simu, unaandika kwa kidole."

"Kozi gani?"

"Ile yako."

Niliyoyasema hapo siyarudii. Nilimwita mjinga, nilimwita punda, nilimwuliza kama masikio yake ni mapambo, mtu ametoka kupoteza kazi kwa ajili yake hata saa moja haijapita. Marisela hakupiga kelele hata kidogo. Alinyoosha mkono.

"Sheria inakupa siku chache za kufuta mkataba," akasema. "Wao hawawaambii, lakini mimi najua pa kubonyeza. Nipe simu nikufutie."

Nayeli alimtazama binamu yake, akaangalia lile jengo la chuo cha umma na nyasi zake. Akaanza kumpa simu, kisha akausimamisha mkono katikati. Akanigeukia mimi. Kiburi hakikuwemo usoni mwake, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuwa anauliza kwa kweli, kama alivyokuwa akiniuliza mambo akiwa mdogo.

"Nikifuta, mama, kesho nafanya nini?"

"Unasubiri Januari," nikasema.

"Nimeshasubiri Januari."

"Basi nenda ukachomelee na kaka yako, unalipwa vizuri."

"Mimi nataka kuwa nesi, mama. Nifanye nini kesho?"

Nilikuwa na matusi ya kutosha vyuo vyote viwili siku ile, cha faida na cha umma. Cha kumjibu mwanangu sikuwa nacho. Mkono wa Marisela ulikuwa bado umenyooshwa. Nayeli akangoja kidogo, kwa adabu, kisha akairudisha simu mfukoni, akafungua mlango wa nyuma, akakaa, akafunga mkanda.